Bahasha, jukwaa, kikapu, pete au ngazi: muundo upi wa jaribio unafaa kupima tiba yako mpya?

Mwaka 1947 nchini Uingereza, mgonjwa wa kifua kikuu alipokubaliwa kuingia kwenye utafiti wa streptomaisini, bahasha yenye namba ilifunguliwa makao makuu ya utafiti. Ndani mlikuwa na kadi yenye herufi moja, S au C. Wa S alipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani. Wa C alipewa mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yalikuwa matibabu ya kawaida wakati huo. Wagonjwa wote walikuwa 107. Miezi 6 baadaye, kati ya 55 waliopata dawa walikuwa wamefariki 4, na kati ya 52 wasioipata, 14. Daktari aliyempendekeza mgonjwa hakujua kadi inayofuata inasema nini, na hapo ndipo nguvu yote ya utafiti ule ilipokaa.

Leo miundo ya majaribio ya kitabibu ni mingi, na majina yake yanavutia: badilifu, jukwaa, kikapu, mwavuli, pete, ngazi. Ukiitazama kwa karibu utaona kila mmoja ulizaliwa na lalamiko fulani dhidi ya bahasha zile. Kuna waliolalamika kwamba zinachelewesha jibu, wengine kwamba zinapima dawa moja tu kwa wakati, wengine kwamba wagonjwa wa kuzitosha hawapatikani. Ndiyo maana timu ya utafiti ikiniuliza itumie muundo gani, huwauliza kwanza lalamiko lao ni lipi. Mara nyingi kimya kinatanda mezani. Hapo huwaambia wabaki na bahasha, na ninamaanisha.

Makundi mawili, idadi iliyopangwa, jibu mwishoni

Huu ndio kipimo cha mingine yote. Washiriki wanagawanywa kwa nasibu, yaani kama kwa kura, idadi yao imekubaliwa kabla ya wa kwanza kuingia, na data inafunguliwa kazi ikiisha. Kamati ya maadili inauelewa, mamlaka ya dawa inauelewa, na daktari wa wodini anaweza kusoma matokeo yake bila kumwita mtakwimu amfafanulie.

Kama una tiba moja, swali moja, na tokeo linalochukua miaka kuonekana, usihangaike kutafuta kingine. Hili husahaulika sana. Muundo unaojirekebisha hujirekebisha kwa kutumia matokeo ya waliotangulia. Ikiwa unapima kama saratani itarudi baada ya miaka 5, na washiriki wote wataingia ndani ya mwaka mmoja na nusu, basi wote watakuwa wameshaingia kabla hujapata la kujifunza. Utakuwa umelipia usukani wa gari ambalo limekwisha fika.

Kusubiri mwisho, au kuchungulia njiani

Hatua ya kwanza ya kutoka kwenye bahasha ni kuruhusu uchambuzi wa katikati. Kamati huru ya kufuatilia data na usalama inatazama matokeo katika nyakati zilizotajwa kwenye itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, na inaweza kupendekeza jaribio lisimamishwe, ama kwa sababu tiba imeshinda waziwazi, ama kwa sababu haina dalili ya kushinda, ama kwa sababu inaumiza watu.

Gharama yake iko kwenye hesabu. Ukichungulia data mara 5, kila mara kwa kigezo kilekile cha asilimia 5 cha kutangaza ushindi, uwezekano wa kushangilia dawa isiyofanya kazi unapanda hadi kama asilimia 14. Dawa ya ugonjwa huo wa hesabu ipo: unaweka kigezo kikali mno mwanzoni na kukilegeza kadiri data inavyoongezeka, na unakiandika kabla ya kuanza. Neno "kabla" ndilo linalotenganisha muundo badilifu na udanganyifu. Kubadili tokeo kuu au idadi ya washiriki baada ya kuona namba, kwa sababu namba hazikupendeza, hakugeuki kuwa ubunifu hata kukipewa jina zuri.

Nikilinganisha hii miwili, ile ya kusubiri na ile ya kuchungulia, kwa ugonjwa unaoua haraka mimi huchagua kuchungulia karibu kila mara. Tatizo nililoliona ni timu kusimamisha jaribio mapema mno. Jaribio lililokatizwa kwa sababu ya ushindi wa mapema huelekea kuitia dawa chumvi, na pia linakuwa limekusanya habari kidogo kuhusu madhara yanayochelewa.

Nasibu ya nusu kwa nusu, au nasibu inayomfuata mshindi

Hapa ndipo hisia hupanda, na kwa haki. Mzazi wa mtoto mahututi anauliza: kama mnaona kundi moja linafanya vizuri, kwa nini mwanangu aendelee kuwa na nafasi ya nusu ya kuangukia lingine? Jibu moja ni kubadilisha uwiano wa mgawanyo kadiri matokeo yanavyoingia, ili washiriki wengi zaidi waelekezwe kwenye tiba inayoonekana kushinda.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 1985. Walikuwa wanapima mashine inayoitoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha, kwa watoto wachanga ambao mapafu yao yameshindwa. Mtoto wa kwanza aliangukia mashine, akaishi. Wa pili aliangukia matibabu ya kawaida, akafariki. Kwa kanuni waliyoiweka, uwiano ukaielemea mashine, na waliofuata 10 wote wakaenda huko, wote wakaishi. Jaribio likaisha likiwa na watoto 11 upande mmoja na mtoto 1 upande wa pili.

Tazama kundi la kulinganishia: mtoto mmoja. Je, alikuwa mgonjwa kuliko wengine? Hakuna namna ya kujibu. Kwa hiyo mabishano hayakwisha, na Uingereza ikalazimika kufanya jaribio la nasibu ya kawaida lenye watoto 185, likachapishwa mwaka 1996. Upande wa mashine walifariki 30 kati ya 93, upande wa pili 54 kati ya 92. Mashine ilikuwa na faida kweli. Lakini jaribio lile la kwanza, lililoundwa ili kumwonea huruma mgonjwa wa jaribioni, liliwaacha wagonjwa wa nje ya jaribio bila jibu lenye uzito kwa miaka zaidi ya 10.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama makundi ni mawili tu, kaa na nusu kwa nusu, ukiweka uchambuzi wa katikati. Nasibu inayomfuata mshindi inaanza kulipa pale tiba zinaposhindana nyingi kwa pamoja na kundi la kulinganishia limelindwa lisipungue. I-SPY 2, jaribio la saratani ya matiti lililoanza Marekani mwaka 2010, lilitumia mbinu hiyo katika hatua ya kuchuja dawa. Hata huko, muungano wa dawa mbili, veliparibu na kaboplatini, ulipofaulu mchujo na kupelekwa kwenye jaribio kubwa, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha faida ilitoka kwa kaboplatini, na veliparibu haikuongeza kitu. Mchujo ulifanya kazi yake. Haukuwa hukumu ya mwisho, na anayeusoma kama hukumu ya mwisho anajidanganya.

Majaribio mfululizo, au jukwaa moja

Kama ningetakiwa kutaja muundo mpya ulioleta faida kubwa kuliko yote, ningetaja jukwaa. Badala ya kuunda jaribio jipya kwa kila dawa, kila moja na itifaki yake, vibali vyake na kundi lake la kulinganishia, unajenga jukwaa moja lenye kundi moja la pamoja. Dawa zinapanda jukwaani, zinapimwa, zisizofaa zinashushwa, mpya zinapanda.

STAMPEDE, jaribio la jukwaa la Uingereza, ilianza mwaka 2005 kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Makundi yaliyotumia dawa ya selekoksibu yalisimamishwa mwaka 2011 kwa kukosa faida, na mwaka huohuo dawa nyingine, abirateroni, ikapandishwa. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2017, yalibadili matibabu ya ugonjwa huo. Jaribio jipya la abirateroni lingeanzia kwenye kutafuta fedha na vibali. Hapa hospitali zilikuwa tayari, fomu zilikuwa tayari, wauguzi walikuwa wameshazoea.

Janga la korona lilionyesha jambo hilohilo kwa kasi zaidi. RECOVERY, pia ya Uingereza, ilianza Machi 2020. Juni 16 mwaka huohuo ilitangaza kwamba deksamethasoni, steroidi ya bei ndogo iliyokuwepo kwa miongo mingi, inapunguza vifo kwa kama theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Siku chache kabla, jukwaa lilelile lilikuwa limeonyesha kwamba haidroksiklorokwini haisaidii. Kinachonigusa katika RECOVERY ni wepesi wake. Fomu zilikuwa fupi, na tokeo kuu lilikuwa moja: je, mgonjwa yu hai siku ya 28? Wafanyakazi wa wodi zilizofurika waliweza kuijaza. Namwomba kila anayepanga jukwaa asikazane na hesabu za ndani akasahau fomu.

Jukwaa lina mtego wake, na jaribio la PALM la Ebola linauonyesha vizuri. Lilianza Novemba 2018 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kundi la kulinganishia likiwa la dawa ya ZMapp. Dawa nyingine, REGN-EB3, iliongezwa baadaye. Ukisoma matokeo utakuta vifo vya ZMapp vina namba mbili: asilimia 49.7 inapolinganishwa na dawa ya mAb114 (35.1), na asilimia 51.3 inapolinganishwa na REGN-EB3 (33.5). Hakuna aliyekosea. REGN-EB3 ililinganishwa tu na wagonjwa wa ZMapp walioingia baada yake, kwa sababu wale wa mwanzo hawakuwa na nafasi ya kuangukia dawa hiyo, na mlipuko hubadilika: wagonjwa wanafika mapema zaidi, wauguzi wanapata uzoefu. Kundi la pamoja ni la pamoja kwa walioingia wakati mmoja. Anayekuahidi kwamba atatumia wagonjwa wote wa zamani kama kundi la kulinganishia, bila kueleza atafanyaje na tofauti ya wakati, anakuuzia idadi kubwa ya washiriki ambayo haipo. Agosti 9, 2019 PALM iliacha kugawa ZMapp na dawa ya nne, remdesivir, na wagonjwa waliofuata wakapewa moja ya zile mbili zilizoongoza.

Lini usijenge jukwaa? Kama una dawa moja na huoni nyingine ikija ndani ya miaka michache. Maandalizi ni mazito, na mfadhili wa jukwaa lazima akubali kulipia kitu ambacho mwisho wake haujulikani tarehe. Mfadhili akikwambia atalipa miaka 3 tu, fanya jaribio la makundi mengi lenye mwisho.

Kikapu au mwavuli

Hii miwili huchanganywa, ingawa inaelekea pande tofauti. Kikapu kinachukua dawa moja na kukusanya ndani yake magonjwa tofauti yenye kasoro moja ya jeni. Mwavuli unachukua ugonjwa mmoja na kuugawa chini yake kwa kasoro tofauti za jeni, kila tawi na dawa yake.

Kikapu kinafaa pale ugonjwa ni adimu kiasi kwamba bahasha hazitajaa kamwe. Dawa ya saratani ya larotrektinibu ilipimwa kwa wagonjwa 55 tu, wenye aina 17 za uvimbe, mdogo wao akiwa na miezi 4 na mkubwa miaka 76. Kilichowaunganisha ni kasoro moja: jeni za TRK zilizoungana na jeni nyingine. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 75 yao, na Marekani iliiidhinisha dawa hiyo Novemba 2018. Hapakuwa na kundi la kulinganishia. Hilo linavumilika kwa sababu uvimbe wa aina hiyo hausinyai wenyewe, na matokeo yalikuwa makubwa mno kuelezwa kwa bahati. Faida ikiwa ndogo, au tokeo likiwa maumivu au uchovu, kikapu bila kulinganisha hakikwambii chochote.

Kinachonifanya niwe mwangalifu na vikapu ni dawa ya vemurafenibu. Ililenga kasoro ya jeni iitwayo BRAF V600, na kwenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ilikuwa imeshafaulu. Katika kikapu kilichochapishwa mwaka 2015, ilisinyaza uvimbe kwa asilimia 42 ya wenye saratani ya mapafu yenye kasoro hiyo. Kwa wagonjwa 10 wa saratani ya utumbo mpana waliopewa dawa hiyo peke yake, hakuna hata mmoja. Kasoro ni ileile, lakini seli za utumbo mpana zina njia ya pembeni, EGFR, inayoiwasha tena ishara ambayo dawa imeizima. Aliyechanganya makundi yote na kutoa wastani mmoja angekuwa amewadanganya wagonjwa wa mapafu na wa utumbo kwa pamoja. Kwa hiyo ukichagua kikapu, amua mapema ni kwa masharti gani kundi moja litakopa ushahidi wa jingine.

Mwavuli ni mgumu kuutegemeza. Lung-MAP, ulioanza Marekani mwaka 2014 kwa saratani ya mapafu, unaonyesha jinsi inavyolazimu kupima jeni za wagonjwa wengi ili kupata wachache wa kila tawi. Kama huna maabara inayorudisha majibu ndani ya siku ambazo mgonjwa anaweza kusubiri, mwavuli si wako.

Pete au ngazi

Wakati mwingine lalamiko ni kwamba huwezi kumgawa mtu mmojammoja. Chanjo inalinda jirani pia, au huduma inatolewa kwa eneo zima. Hapo unagawa makundi ya watu.

Muundo wa pete ulitumika Guinea mwaka 2015 kwa chanjo ya Ebola, kwa wazo lililotoka kwenye vita ya kuitokomeza ndui. Mgonjwa mmoja akithibitishwa, wanaorodheshwa aliokutana nao, kisha waliokutana na hao. Orodha hiyo ndiyo pete. Pete nzima inagawanywa kwa nasibu: chanjo leo, au chanjo baada ya siku 21. Pete 51 zilipata mara moja, 47 zikasubiri. Kuanzia siku ya 10, waliochanjwa mara moja hawakupata mgonjwa hata mmoja. Upande wa kusubiri walipatikana 16. Julai 2015 nasibu ikasimamishwa na kila pete ikaanza kuchanjwa papo hapo.

Ubora wa pete ni kwamba inaufuata ugonjwa ulipo. Nchini Liberia, wakati huohuo, jaribio la chanjo lililotumia nasibu ya mtu mmojammoja lilipoteza uwezo wa kupima kinga kwa sababu wagonjwa wapya walikwisha. Ugonjwa unapopungua na kutawanyika, pete bado inaukuta. Lakini inahitaji wafuatiliaji hodari wa waliokutana na wagonjwa, na inahitaji watu wawaamini wafuatiliaji hao kiasi cha kuwatajia majina.

Ngazi ni tofauti. Maeneo yote yataipata huduma, ila kwa zamu, na zamu inapangwa kwa nasibu. Gambia ilianza hivyo mwaka 1986 na chanjo ya homa ya ini aina ya B: hapakuwa na uwezo wa kuifikisha kila mahali kwa siku moja, kwa hiyo ikaongezwa eneo baada ya eneo kwa takriban miaka 4, ili baadaye ionekane kama inazuia saratani ya ini. Upungufu wa uwezo uligeuzwa kuwa ushahidi, na hilo nalistahi sana. Ila ngazi ina udhaifu wa wakati: waliopata baadaye wanaishi katika miaka mingine, na kila kitu kingine kilichobadilika katika miaka hiyo kinaingia kwenye hesabu. Kama unaweza kuyagawa maeneo nusu kwa nusu na kuanza siku moja, fanya hivyo. Chagua ngazi pale tu utekelezaji wa zamu hauepukiki. Kuwafurahisha viongozi wa maeneo kwa ahadi kwamba kila mmoja atapata si sababu ya kutosha.

Mingine miwili kwa ufupi

Kama lalamiko lako ni gharama na tiba zote mbili tayari zinatumika hospitalini, weka nasibu ndani ya rejista iliyopo, yaani daftari la wagonjwa linalojazwa siku zote. TASTE, kwenye rejista ya wagonjwa wa moyo ya Sweden, iliingiza watu 7,244 na mwaka 2013 ikaonyesha kwamba kunyonya bonge la damu kabla ya kupanua mshipa hakupunguzi vifo vya siku 30. Inategemea ubora wa rejista, basi. Na kama swali ni la mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa kudumu usiobadilikabadilika, na dawa inaingia na kutoka mwilini haraka, jaribio la mtu mmoja, la kupokezana dawa na plasebo (dawa bandia) kwa vipindi, litamjibu yeye mwenyewe vizuri kuliko wastani wa watu 1,000.

Kabla hujatia saini itifaki

Mwombe mtakwimu akufanyie maigizo ya kompyuta ya muundo ulioupenda, mara elfu kadhaa, na aanze na hali ambayo tiba yako haisaidii hata kidogo. Timu nyingi huomba kuona hali ya ushindi tu. Hesabu ni mara ngapi muundo unatangaza ushindi wa uongo, na ni washiriki wangapi wanapita mikononi mwake kabla ya kugundua. Kisha linganisha na bahasha za kawaida kwa idadi ileile ya washiriki. Nimeshuhudia tofauti ikitoka kuwa wiki chache tu.

Halafu andika fomu ya ridhaa, mapema, kabla ya itifaki kukamilika, na mpe muuguzi asiyehusika na utafiti aisome. Mshiriki ana haki ya kujua kama nafasi yake ya kupata tiba mpya ni nusu au inabadilika, kama kundi lake linaweza kufungwa akiwa ndani, na kitakachotokea kwake siku litakapofungwa. Muuguzi akikwama kwenye sentensi hizo tatu, rudi ukaurahisishe muundo wenyewe, maana kubadili maneno ya fomu peke yake hakutatosha.